Sridevi: nimwonyeshe binti yangu filamu ipi kwanza?

Swali kutoka Tanga

Ndugu zangu, assalaam aleikum. Binti yangu ametimiza miaka 12, na juzi alinikuta nikitazama picha ya Sridevi, yule marehemu mwigizaji wa filamu za Kihindi, akaniuliza huyu ni nani hata ninamwangalia kwa huzuni namna ile. Nilishindwa kumpa jibu.

Nilimjua Sridevi nikiwa mdogo kuliko binti yangu alivyo sasa, nyumbani kwa shangazi yangu, ambaye alikuwa miongoni mwa watu wachache mtaani kwetu wenye deki ya kanda za video. Jumapili mchana tulitandikiwa mkeka, watoto mbele na wakubwa nyuma, na kanda iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa Nagina ya mwaka 1986, ambamo yeye ni nyoka aliyejigeuza mwanamke na kuolewa. Kanda yenyewe ilikuwa imechakaa, na picha ilirukaruka kila ilipofika pale mwigizaji Amrish Puri anapoingia na wapiga zumari wake ili kumlazimisha arudi kuwa nyoka, lakini macho ya Sridevi tuliyaona barabara, na mdogo wangu alikuwa akijifunika kanga ya mama mpaka zumari iliponyamaza. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kihindi. Shangazi ndiye aliyetufasiria, na nilipokuwa mtu mzima niligundua kwamba maneno mengi alikuwa akiyatunga kwa kumsoma Sridevi usoni, wala hakuwa akikosea sana.

Naomba mniambie nianze na filamu ipi kwa mtoto wa umri huu. Pia ningependa kujua kwa nini tulimwelewa kiasi kile bila kujua lugha yake.

Jibu kutoka Mombasa

Dada yangu, waalaikum salaam. Hilo swali lako la pili limenigusa, kwa sababu Sridevi mwenyewe alipoanza kuigiza Bombay, yaani Mumbai ya sasa, alikuwa hajakimudu Kihindi. Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1963 katika jimbo la Tamil Nadu, akaanza kuigiza akiwa na miaka minne, na alikwisha kuwa nyota wa filamu za Kitamil na Kitelugu kabla Himmatwala ya mwaka 1983 haijamtangaza kwa watazamaji wa Kihindi. Katika filamu zake nyingi za Kihindi za miaka ile, sauti tuliyoisikia ilikuwa ya mwanamke mwingine aliyewekwa kumsemea, na ni katika Chandni, mwaka 1989, ndipo alipoanza kusema kwa sauti yake mwenyewe.

Kwa hiyo katika kanda ile ya shangazi yako, kilichokuwa chake kwa hakika ni uso, mikono na mwendo, na mtu anayeigiza kwa lugha asiyoiweza hana budi kuyaweka yote hapo. Shangazi alisoma mahali penyewe.

Jibu kutoka Muscat

Mimi nitasema juu ya kuondoka kwake, maana huku tulikuwa karibu. Alikuwa amekuja Falme za Kiarabu kwa harusi ya jamaa wa mumewe, akafariki hotelini Dubai usiku wa tarehe 24 Februari 2018, akiwa na miaka 54. Asubuhi yake mke wangu alipokea simu kutoka kwa dada yake aliyeko Unguja, akaketi kitandani kimya, simu ikiwa bado mkononi, na nilidhani tumefiwa na mtu wa nyumbani. Tarehe 28 aliagwa kwa heshima za taifa mjini Mumbai, kwa desturi yao ya kuchoma maiti, akiwa amevishwa bendera ya nchi yake. Miezi michache baadaye akatunukiwa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya Mom, na waliokwenda kuipokea ni mumewe na mabinti zake wawili. Hilo bado linaniuma.

Jibu kutoka Unguja

Mwanangu, usianze na Nagina, mtoto atakosa usingizi bure. Mwanzishie English Vinglish ya mwaka 2012, aliyorudi nayo baada ya kukaa miaka 15 akilea. Humo ni mama wa nyumbani anayepika na kuuza vitamu viitwavyo ladu, na binti yake anamwonea haya shuleni kwa sababu hajui Kiingereza. Anapokwenda New York kwa ajili ya harusi anajiandikisha darasa la lugha kwa siri. Mtazame pale mkahawani anapobabaika kuagiza kahawa, foleni ikimsubiri nyuma: mabega yanavyoingia ndani, vidole vinavyoshikilia ncha ya sari. Mimi nilimaliza darasa la saba tu, na wanangu wamesoma. Niliiangalia mara mbili siku moja.

Muulizaji, siku nne baadaye

Ahsante, bibi, na ahsanteni nyote. Jana usiku tumeitazama. Lilipofika tukio la mkahawani nilitaka kumfasiria, nikamgeukia, nikakuta machozi yanamtoka na wala hakuwa akisoma maandishi ya chini ya picha. Ameniuliza kama zipo nyingine, nami nimempigia simu shangazi. Anakuja Jumapili.