Mada: TV ya mama na barua za leseni

Kutoka Leicester:
Asalaam alaykum nyote. Mama amehamia kwetu kutoka Mombasa. Mtu huyu ameishi na televisheni tangu enzi za VoK, Sauti ya Kenya. Vitimbi usimwambie kitu: Mzee Ojwang akifungua mdomo tu yeye ashacheka, na Vioja Mahakamani ikianza humtumi popote. Siku hizi ni taarifa ya habari ya saa moja, lazima aione. Majira haya ya baridi tuko nyuma ya Kenya kwa saa tatu, kwa hiyo saa kumi alasiri namkuta kashakaa, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai, miwani puani. Nataka kumnunulia TV ya intaneti. Barua za leseni ya kutazama TV nazo haziishi, zimeandikiwa "mkazi halali" badala ya jina langu. Nilipe? Naambiwa waliopita miaka 75 hawalipi, na mama ana 77.

Kutoka London:
Waalaykum salaam dada, mkaribishe mama. Hiyo ya bure ilibanwa 2020. Sasa haipati mzee mpaka awe, yeye au mwenzi anayeishi naye, anapokea Pension Credit, posho ya serikali kwa wazee wa kipato kidogo, na mzazi aliyekuja kwa viza ya familia kwa kawaida haruhusiwi posho hiyo. Isahau.

Linalowachanganya watu ni hili: sheria haiangalii una TV ya aina gani, inaangalia unatazama nini. Kinachorushwa moja kwa moja, kiwe cha London au cha Nairobi, hata kwenye hiyo simu ya chupa ya chai, kinataka leseni. BBC iPlayer, ile huduma ya BBC ya vipindi kwa intaneti, inataka, hata kipindi kikiwa cha juzi. Vitimbi vya zamani vilivyowekwa YouTube, au tamthilia za Netflix, havitaki. Yaani taarifa ya saa moja akiitazama kesho yake hamdaiwi kitu. Akiitazama inaposomwa, mnadaiwa. Faini inafika pauni 1,000. Leseni yenyewe ilipandishwa Aprili 2025 ikawa pauni 174.50 kwa mwaka, nyumba nzima, na unaweza kulipa kwa awamu.

Mimi wa Unguja. Tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 70, ndugu zetu wa Bara wakingoja mpaka 1994 (mtanisamehe, lazima niliseme). Tulijazana mkekani kwa jirani, viatu vimerundikana mlangoni. Leseni yetu ilikuwa radhi za mama mwenye nyumba: ukimkera mchana, usiku unasikilizia dirishani.

Kwa hiyo nakushauri ulipe. Mama akishasikia habari atampigia shoga yake Mombasa wazichambue. Ukimpa za jana, atazungumza nini na mtu aliyeziona jana?

Kutoka Hamburg:
Nyie mna hiari! Huku Ujerumani tangu 2013 kila nyumba inalipa mchango wa redio na TV, una TV huna TV: yuro 18.36 kwa mwezi. Mkikaa wanne analipa mmoja tu. Mgeni akipata barua, asikimbilie kulipa. Awaulize wenzake kwanza. Kama yupo anayelipa, ajibu kwa kuandika namba ya mchango ya huyo.

Kutoka Leicester:
Ahsanteni sana. Nitalipa kwa awamu. Sasa jingine: mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Kuna anayejua stendi imara ya TV ya inchi 43? Nina mtoto anayepanda kila kitu.