Mlima Bisoke: lile ziwa la kileleni liko Rwanda au Congo?

mzururaji_mwanza: Habari wakuu, mwezi wa saba niko Kigali kikazi na nitabakiwa na siku moja ya kuzurura, sasa nimeona picha za mlima Bisoke una ziwa juu kabisa nimeupenda balaa. Ramani inaonyesha mpaka umepita kileleni hapo hapo, nikizunguka upande wa pili si nitakamatwa jamani? Na hii volkano haiwezi kulipuka kama Nyiragongo ya kule Goma, Congo?

wa_musanze: Karibu sana ndugu. Kilele kina mita 3,711 na ziwa ni la nchi zote mbili, hakuna uzio wala ofisi ya uhamiaji kule juu, ila muongozaji hakuruhusu kuzunguka, mnaishia ukingo wa Rwanda mnarudi. Askari wanaopanda na nyie ni kwa ajili ya nyati na tembo. Lala Musanze, saa moja asubuhi mnakusanyika Kinigi, makao makuu ya hifadhi. Matope ni ya kweli kweli hata kiangazi, suruali ingiza ndani ya soksi na vaa glavu hata za shamba, maana ukiteleza unashika majani ya pembeni na yale yanawasha vibaya mno mkono unavimba. Ukikuta ukungu umefunika usikate tamaa subiri, upepo ukipiga panafunguka dakika chache unaliona lote, kama mita 400 ng'ambo hadi ng'ambo, kisha linafunikwa tena.

dada_goma: Nyiragongo na Bisoke haifanane kabisa. Nyiragongo iko na ziwa ya moto, ile ndiyo tulikimbia 2002 na tena mwezi wa tano 2021. Bisoke juu kule ni maji ya mvula tu. Mara ya mwisho ilitoka moto 1957 na haikukuwa kileleni, ni pembeni, mbali kama kilomita 11 upande ya kaskazini. Wende bila woga.

kisoro_boy: Ukipata siku nyingine panda Muhabura, mita 4,127, mpaka wa Uganda na Rwanda, juu kuna kaziwa kadogo. Ila ni mrefu huo, miguu itaongea.

mzururaji_mwanza: Asanteni sana. Kaburi la Dian Fossey, yule mtafiti wa gorila, naweza kuliunganisha siku hiyo hiyo?

wa_musanze: Hapana. Mnaanza njia moja halafu mbele inagawanyika, nyie mnapandisha kileleni na wale wa kaburi wanakwenda Karisoke, kambi aliyoianzisha 1967 kati ya Karisimbi na Bisoke. Kibali chake ni kingine. Na kabla hujalipa uliza bei ya wana Afrika Mashariki.