Katakombe za Mtakatifu Kalisto, Roma: mama ataweza kushuka?

BintiWaMarangu: Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Mwezi wa kumi tunakwenda hija Roma na parokia, na mama yangu wa miaka 68 yumo. Siku ya tatu tumepangiwa katakombe za Kalisto, yale makaburi ya kale ya chini ya ardhi. Magoti yanamsumbua, na hata lifti ya hospitali anaiogopa, anasema pumzi inambana. Ila Mtakatifu Sesilia ndiye somo wa kwaya yao, na mama ameimba sauti ya pili tangu mimi sijazaliwa. Aliyewahi kuingia anieleze ukweli.

SautiYaNne: Milele amina. Shikamoo yangu mfikishie mama. Mimi niliingia mwaka jana. Ngazi ni za kweli, kushuka na kupanda, na ukishashuka huwezi kugeuka peke yako. Mnafuatana na anayewaongoza mpaka mwisho. Njia zote zinafika kilomita 20, lakini sisi tulipitishwa sehemu ndogo tu, kama nusu saa. Chini ni baridi, abebe sweta. Kuta zimechongwa mashubaka ya maiti, moja juu ya jingine, sasa matupu. Mengine mafupi kama mkono wangu: ya watoto. Hapo niliachwa nyuma na wenzangu, sikuweza kupita tu.

Mnapita chumba walimozikwa mapapa tisa wa karne ya 3, halafu jirani yake ndipo alipozikwa Sesilia. Sanamu yake imelala ubavu, shingoni alama ya upanga, mkono mmoja umenyoosha vidole vitatu na mwingine kimoja: Mungu mmoja, nafsi tatu. Nililia, dada yangu.

Mzee wa Hija: Hiyo ya Kalisto ni nakala. Sanamu yenyewe, aliyoichonga Stefano Maderno mwaka 1600, iko kanisani kwa Sesilia, mtaa wa Trastevere hapo hapo Roma, chini ya altare. Na mwili wake Papa Paskali I aliuhamishia huko mwaka 821. Kwa hiyo mama asiposhuka, hajamkosa somo wake. Tena angalieni ratiba, Kalisto hufungwa Jumatano.

BintiWaMarangu: Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Kanisa la Trastevere anataka twende kwanza, na amenituma niulize kama wanaruhusu kuimba pale mbele ya altare. Ya Kalisto ataamua akiziona ngazi.