Mrejesho: Picha za machweo na nyota Morogoro

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza jinsi ya kwenda Moro kutoka hapa Dar kupiga picha za machweo, nyota na droni. Nimerudi, na nawashukuru sana.

Droni niliiacha nyumbani Tabata, maana sikuwa na kibali. Aliyenionya kuhusu usajili wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ruhusa ya Wizara ya Ulinzi alinisaidia mno. Anzeni kufuatilia mapema kabla ya kukata tiketi ya treni.

Machweo: jua lilizama saa 12 na nusu hivi. Nilipoligeuzia mgongo ndipo nikaona picha yenyewe: milima ya Uluguru yote imekuwa myekundu kama matofali mabichi yanayochomwa, na moshi wa majiko unapanda taratibu kutoka mabondeni. Dakika chache tu, imeisha. Huku kwetu giza halichelewi.

Lakini usiku! Mlichagua Julai na mwezi mwandamo, ili mwanga wa mwezi usizifiche nyota, mkasema nisimame nje kidogo ya mji, taa ziwe nyuma yangu. Kufika saa 2, kiini cha Njia Nyeupe (ule mkanda wa nyota angani, Milky Way) kilikuwa kusini-mashariki, juu ya milima kabisa. Mipangilio ya kamera: lenzi pana, uwazi wa lenzi f/2.8, kila picha sekunde 15, wepesi wa kunasa mwanga ISO 3200. Picha kumi za kwanza zilitoka na ukungu. Kumbe umande umetanda kwenye kioo. Nikafuta kwa kanga ya mke wangu, nikaifunga kuzunguka lenzi, zikatoka safi.

Mwakani narudi na droni, kibali mkononi.