Haja kubwa inaniuma kupita kiasi na damu kwenye tishu. Hii ni bawasiri kweli?

Coaster_Njiapanda
Wakuu, naombeni msaada wa dhati. Nina miaka 34, naendesha Coaster Moshi–Arusha. Zaidi ya mwezi sasa, kila nikienda haja kubwa nahisi kama wembe unapita. Ikishatoka ndiyo kwanza shughuli inaanza: panachoma, panabana, panavuta saa nzima au zaidi. Asubuhi nikitoka stendi, mpaka nafika Boma Ng'ombe nimekalia tako moja. Kwenye tishu ni damu mbichi, mchirizi tu. Hakuna kinyama kinachotoka. Duka la dawa walinipa dawa za bawasiri, sijaona nafuu. Jirani anataka anipeleke kwa mtu "anayeikata" kwa dawa ya kupaka. Imefikia hatua naogopa kula usiku nikifikiria asubuhi. Mke wangu anajua ni mgongo tu.

Nesi_Mstaafu_Moshi
Pole sana mwanangu. Kwa huyo wa kupaka usiende kabisa. Nimeuguza watu waliounguzwa ngozi na dawa hizo, na ile ngozi ni laini mno.

Mimi si daktari na sijakuona, lakini unavyoeleza ni mpasuko zaidi kuliko bawasiri. Bawasiri ya ndani kwa kawaida hutoa damu bila maumivu. Ya nje ikiganda damu inauma, ila ungegusa uvimbe. Mpasuko ni mchaniko mdogo kwenye mlango wa haja, mara nyingi upande wa nyuma, kuelekea mfupa wa mkia. Huanza kwa choo kigumu, wakati mwingine kwa kuharisha sana.

Kinachokutesa saa nzima baada ya choo ni msuli wa ndani, ambao huwezi kuuamuru. Ukiumizwa unakaza, ukikaza damu haifiki vizuri kwenye kidonda, kidonda hakifungi. Kisha wewe unaogopa, unabana choo, utumbo unafyonza maji yake, na kesho kinatoka kigumu zaidi, kinachana palepale. Kutokula hakukusaidii, kunalisha tatizo.

Kwa hiyo kwanza choo kilainike. Dona, maharage, mchicha, papai, parachichi, na maji mchana kutwa. Daktari anaweza kukuongezea sharubati ya laktulosi. Pili, kalia beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, hasa baada ya haja. Msuli unalegea na utajisikia mwenyewe. Maji matupu, usitie dawa ya kuua vijidudu. Haja ikikubana, nenda. Usiisubirishe mpaka Usa River.

MamaWawili_Sakina
Kaka pole, mimi nilipata baada ya kujifungua wa pili. Kila mtu aliniambia bawasiri. Daktari hapa Arusha aliangalia tu, akaniandikia krimu ya diltiazemu asilimia 2, mara mbili kwa siku. Ule ukali ulipungua mapema, lakini alinisisitiza niendelee wiki 6 hadi 8 hata kama sisikii kitu. Na mwambie mke wako. Beseni la maji ya moto kila jioni utalielezaje?

Coaster_Njiapanda
Asanteni sana. Mama, naogopa kipimo cha kidole. Na hii si ya kupasuliwa?

Nesi_Mstaafu_Moshi
Daktari mwenye busara anatenganisha matako taratibu na kuangalia. Mpasuko mara nyingi unaonekana hapohapo. Ukiwa na maumivu makali, kidole kinaahirishwa. Sema wazi kwamba unaumia.

Mipasuko mingi mipya hupona ndani ya wiki 6 bila kisu. Wako unaelekea kuwa wa muda mrefu, ndiyo maana nataka uonwe sasa. Kuna krimu ya kulegeza ule msuli, kama ya dada hapo juu, na kuna mafuta ya gliserili trinitreti, ambayo huumiza kichwa baadhi ya watu. Sikia hili vizuri: ukipewa hayo, usiguse vidonge vya nguvu za kiume. Vikikutana, presha inaweza kushuka ghafla, nawe una abiria nyuma.

Dawa ikishindwa, wanakata sehemu ndogo ya ule msuli wa ndani. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 hupona, ila wachache hubaki na shida ya kuzuia ushuzi, kwa hiyo haikimbiliwi. Mpasuko ukiwa pembeni badala ya nyuma au mbele, au ukiwa na homa, usaha, kupungua uzito, au damu iliyochanganyika na choo, daktari atatafuta zaidi: kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, ugonjwa wa utumbo, hata saratani. Usikatae vipimo.

Anzia hospitali ya Mawenzi au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikihitajika watakuandikia rufaa hospitali kubwa ya KCMC.

Coaster_Njiapanda
Pale dirishani watu wamejaa nyuma yako na wanauliza unaumwa nini. Hilo ndilo limenikalisha nyumbani.

Nesi_Mstaafu_Moshi
Sema "nina maumivu, naomba kumwona daktari faragha." Inatosha. Mengine utayasema ndani, mlango ukiwa umefungwa.