Salem 1692: ni ulokole uliopitiliza tu, au kuna kingine nyuma yake?

mdau_wa_historia: Wakuu habari za jioni. Nasoma hii ishu ya Salem kule Massachusetts, watu 19 wananyongwa kuanzia Juni mpaka Septemba 1692 eti wachawi, na kila ninayemuuliza ananijibu "Wapuritani (wale Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali waliohamia huko) walikuwa walokole kupitiliza", mjadala umeisha. Sasa hao walokole si walikuwepo pale tangu 1630? Mbona balaa lenyewe likaja 1692? Wajuzi nisaidieni.

Bi Mkubwa: Anza na vita mdogo wangu. Toka 1689 Wafaransa na Waabenaki, wenyeji asilia wa huko, wanapigana na Waingereza upande wa Maine, kaskazini mwa Massachusetts, vijiji vinachomwa, wakimbizi wanamiminika huko Salem. Mercy Lewis, mmoja wa wale wasichana waliodai wamelogwa, wakawa wanaanguka na kupiga mayowe, wazazi wake waliuawa hukohuko Maine, akaishia kuwa hausigeli kwa akina Putnam. Huyohuyo akaja kumtaja George Burroughs kuwa mchawi, mchungaji ambaye Mercy aliwahi kuwa mtumishi wake kule Maine. Burroughs akasali Baba Yetu chini ya kitanzi bila kukosea hata neno, na watu waliamini mchawi hawezi, ila wakamnyonga vilevile.

Kobe Mzee: Vita sawa, ila msisahau majungu ya kijiji. Mchungaji Parris wa pale kijijini Salem alikuwa anagombania mshahara na kuni, kamati ya kijiji ikagoma kukusanya kodi ya kumlipa, akina Putnam wako upande wake, akina Porter hawamtaki. Halafu nyumba ya kwanza watoto kuugua ni ya nani? Ya Parris. Na malalamiko kibao yaliyofika mahakamani yana saini ya Thomas Putnam, binti yake Ann wa miaka 12 ndo shahidi. Mimi hapo sioni shetani, naona ugomvi wa majirani.

Shahidi Namba 3: Majungu yapo kila kijiji jamani, na hayanyongi mtu. Kilichonyonga ni mahakama. Gavana Phips anafika Mei anakuta jela zimejaa, anaunda mahakama maalumu chini ya jaji Stoughton, na ile mahakama inakubali ushahidi wa "kivuli chake kilinijia usiku kikanikaba". Utajiteteaje hapo? Ukikiri unaachwa hai utaje wenzako, kama Tituba, mtumwa wa Parris; ukikana, kitanzi. Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, wazee wa baraza walishasema hana hatia, wasichana wakaangua mayowe, Stoughton akawarudisha wakafikirie upya, wakarudi na hatia. Oktoba Phips alipoivunja ile mahakama, kesi zilizobaki zikapelekwa mahakama mpya bila vivuli, karibu wote wakaachiwa.

mdau_wa_historia: Duh. Na ile ya kwamba walikula nafaka yenye ukungu wakachanganyikiwa?

Shahidi Namba 3: Hiyo ilitolewa 1976, watu wanaipenda kweli. Sasa mkuu, ukungu ulijuaje kwamba mshitakiwa ndo anaingia mahakamani, uanze kazi?