Kikundi cha simu cha Lupango Yetu (watu wa kiwanja kimoja), Kampemba, Lubumbashi: mashine ya leza ya Kabwe

Kabwe: Jambo yenu wote. Baba Ngoy, aksanti kwa kunipa chumba cha nyuma ya atelye yako ya useremala. Fremu ya mashine imesimama: bomba za chuma za mraba, fundi wa kuchomelea amezinyoosha vizuri. Nafasi ya kukata ni sentimita 40 kwa 40. Naomba tuongee hapa kabla sijaagiza leza yenyewe, ile ya buluu ya wati 10, mwali wa mwanga unaokata ubao mwembamba, sababu wote tutaishi nayo ukuta kwa ukuta.

Kabwe: [Picha]

Baba Ngoy: Nimeona. Umepima kona kwa kona?

Kabwe: Ndiyo baba. Kamba zote mbili zinalingana.

Baba Ngoy: Basi iko fremu. Zingepishana, hata mota za bei gani zingekukatia mduara kama yai.

Mama Kabwe: Mwanangu, mimi neno leza linanitia hofu. Si ndiyo ile ya kupasulia macho hospitali? Hapa kuna watoto.

Kabwe: Mama, uko na haki ya kuogopa na nitakujibu kwa kirefu jioni, nikitoka kazini. Hilo la macho ndilo kubwa kuliko yote.

Patou: Ya Kabwe, kwa nini usichukue ya gesi? Kuna mtu mu Katuba anauza tyubu ya wati 40. Inakata ubao mnene kuliko ile ya buluu unayotaka, hata pleksi (plastiki ngumu) isiyo na rangi inakata.

Kabwe: Kwa kukata inaishinda ya buluu, sibishi. Na si kitu kipya: Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kule Marekani 1960, na 1964 Kumar Patel akaleta hiyo ya gesi ya kaboni dioksidi. Lakini angalia inachodai. Tyubu ni kioo kitupu, maji lazima yapite ndani muda wote inapowaka, yakisimama inapasuka. Vioo vya kuelekeza mwali lazima vipangwe kwa usahihi, gari moja ikipita na kutikisa meza unaanza upya. Na umeme wake ni volti elfu 15 mpaka 20. Umeme wa namna hiyo haukupi nafasi ya kujifunza, Patou. Ukikosea mara moja tunakuzika.

Patou: Sawa yaya. Nimeelewa.

Kabwe: Ya buluu ni diodi, kitu kidogo cha kushika mkononi, inakula volti 12. Leza na mota zote pamoja hazifiki wati 100. Siku za delestaje, umeme ukikatwa kwa zamu, nitaitia kwenye betri ya gari, na kidhibiti cha volti katikati, sababu betri yenyewe volti zake zinapanda na kushuka.

Mwadi: Samahani kuingilia. Wale hawajatoa mchango wa pompa ya maji, leo ndiyo siku ya mwisho. Tuendelee.

Baba Ngoy: Mimi nimetoa. Kabwe, tangazo ulilonionyesha liliandika wati 40. Sasa unasema wati 10. Ipi ni kweli?

Kabwe: Zote mbili, baba, ila moja inauza na nyingine inakata. 40 ni umeme unaoingia. Mwanga unaotoka ni 10, karibu robo tu. Kinachobaki kinakuwa joto, ndiyo maana ina feni mgongoni. Muuzaji asipoandika nguvu ya mwanga, simnunulii.

Baba Ngoy: Na hiyo 10 itanikatia mulombwa, ubao wetu mgumu, wa sentimita 3?

Kabwe: Hapana, na nisingependa ununue tumaini hilo. Mulombwa mnene utaungua juu, basi. Msumeno wako unabaki na kazi yake. Kazi ya leza ni tripleksi (ubao wa matabaka yaliyogundishwa) ya milimita 3: mwendo wa polepole, kama milimita 300 kwa dakika, pengine kupita mara mbili. Kuandika juu ya mulombwa inaweza, na maandishi yanatoka meusi, mazuri sana.

Kabwe: Ila tripleksi yenyewe ichaguliwe. Nimeenda kuangalia sokoni. Geuza ubao utazame ukingo wake: mahali tabaka la kati lilikuwa na tundu, kiwandani wamelijaza gundi, utaona doa la rangi ya kahawia iliyoiva. Mwali ukifika hapo unakwama. Unainua kazi yako, vipande vyote vinadondoka, kimoja kinabaki kimeshikwa na kidoa kama kichwa cha kiberiti, ukikivuta kinachanika. Afadhali ubao mwepesi, mweupe, ambao ukingo wake uko sawasawa.

Baba Ngoy: Hapo unaongea kama seremala. Na upana wa njia? Msumeno wangu unakula milimita 3.

Kabwe: Leza inakula kama 0.2, au chini ya hapo. Ulimi na tundu lake nikivichora kwa kipimo kimoja vitalegea kidogo, kwa hiyo ulimi nauongezea hiyo 0.2 na tundu nalipunguza 0.2. Nitakata vipande vya majaribio kwanza, ubao wa taka, mpaka viingie kwa kusukuma na kidole gumba.

Tantine Chantal: Kabwe wangu, mimi niko na simili (ngozi ya bandia) nyingi ya mikoba. Kukata na mkasi vidole vinaniuma. Utanikatia?

Kabwe: Tantine, simili hapana. Nakuomba usimruhusu hata mtu mwingine mwenye mashine akufanyie. Simili nyingi ni PVC, aina ya plastiki, ndani yake kuna klorini. Ikiungua inatoa gesi ya asidi: inaunguza mapafu, na inatia kutu reli na mota zote za mashine. Kikwembe cha pamba nitakukatia, tena maua kwa maua ukitaka.

Tantine Chantal: Na nitajuaje ipi ina hiyo PVC? Muuzaji anasema zote ni ngozi.

Kabwe: Sisi watu wa mji wa shaba hatukosi kipimo. Chukua waya wa shaba uliochunwa, ushike kwa koleo, uutie kwenye moto mpaka uwe mwekundu. Uguse nao kona ya simili, kidogo sana, kisha uurudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, klorini iko. Ufanye nje, upepo ukikupiga mgongoni, usivute ule moshi. Au niachie, nitakupimia Jumamosi.

Tantine Chantal: Nitaleta vipande vya kila rangi. Aksanti mwanangu.

Patou: Na shaba yenyewe? Tungekata misalaba ya shaba, ile ya zamani ya Katanga, watu wanaipenda.

Kabwe: Shaba haikatwi na wati 10, na uso wake uking'arishwa unarudisha mwali popote. Mu boksi hili hakitaingia kipande cha chuma kinachong'aa. Misalaba tutaikata mu ubao.

Baba Ngoy: Mimi swali langu liko kwingine. Leo ni misalaba. Kesho mtaanza kuchoma lukasa, ule ubao wa kumbukumbu wa mababu, kwa mashine na kuuza mjini?

Kabwe: Siyo mimi baba. Lukasa ya Baluba ilichongwa kwa mkono, na shanga zake zilisomwa kwa kidole na mtu aliyefundishwa miaka kusoma historia ya wafalme juu yake. Kuichoma mia kwa siku bila kujua shanga moja inasema nini, huo ni wizi. Ninachotaka ni herufi za shule ya Mwadi, na vipande vya kufundishia sehemu: duara zima, nusu, theluthi, robo. Mtoto akishika robo nne mkononi na kuziunganisha, hesabu inamwingia.

Mwadi: Kweli kabisa. Mwaka huu tumekata sehemu kwa karatasi za boksi na zimeshakunjika zote.

Baba Ngoy: Nimeridhika.

Patou: Yaya, kuhusu mota. Ile programu ya GRBL, inayoendesha mota, inaniuliza hatua ngapi kwa milimita. Niandike nini?

Kabwe: Hesabu mwenyewe, ni rahisi. Mota inageuka mara moja kwa hatua 200. Draiva, kile kifaa kinachopelekea mota umeme, inagawa kila hatua mara 16, zinakuwa 3200. Puli ina meno 20, mkanda una milimita 2 kati ya jino na jino, basi mzunguko mmoja unavuta milimita 40. 3200 gawa kwa 40?

Patou: 80.

Kabwe: Ndiyo hiyo, andika 80 kwenye mistari ya mipangilio $100 na $101. Kisha washa hali ya leza, $32=1, na michoro yote itumie amri ya kuwasha leza M4, isiwe M3. Kwa M4 mwanga unapungua kichwa kikipunguza mwendo kwenye kona, na kikisimama mwanga unazimika. Kona haziungui, na hiyo inatupa nafuu upande wa moto pia.

Kabwe: Kabla ya leza tutafunga biki mahali pake. Ichore mraba wa milimita 100 juu ya karatasi, Baba Ngoy aupime na rula yake ya chuma. Akisema ndiyo, ndipo leza itapanda.

Mama Kabwe: Jioni imefika, nami bado nangojea habari ya macho.

Kabwe: Niko hapa mama. Sikiliza vizuri, na wote msome. Leza yenye mwanga unaopita nusu wati inahesabiwa daraja la 4, la juu kabisa. Hii ni wati 10. Mwali wenyewe ukiingia mu jicho, jicho limekwenda kabla hujafumba. Na si mwali wa moja kwa moja tu: ukigonga kichwa cha msumari ukaruka, bado unatosha kupofusha. Miwani ya jua haisaidii. Kioo cha dirisha kinaupitisha. Hata simu ukiielekeza hapo kupiga filamu, kamera yake inaweza kufa.

Mama Kabwe: Yesu wangu. Na bado unaitaka?

Kabwe: Naitaka ndani ya boksi, mama. Pesa ya kwanza inaenda kwenye boksi, leza ya pili. Boksi la tole (bati la chuma) pande zote, ndani rangi nyeusi isiyong'aa, bila upenyo. Dirisha dogo la pleksi ya rangi ya chungwa iliyotengenezwa kwa kuzuia mwanga wa nanomita 450, yaani buluu ya leza hii, nitaiagiza pamoja na leza. Pleksi ya chungwa ya sokoni hapana, rangi peke yake haitoshi. Na miwani mbili za kipimo hicho hicho, OD 5 (kipimo cha kuzuia mwanga) au zaidi, za kuvaa wakati wa matengenezo.

Kabwe: Kifuniko kitakuwa na swichi. Mafundi wa mikrowevu mjini wana mikrowevu zilizokufa, na mlangoni mwa kila moja kuna swichi ndogo ambazo zilitengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Kifuniko kikiinuka hata kidole kimoja, umeme wa leza unakatika kwenye waya wenyewe. Sitaki programu ndiyo iamue.

Patou: Na umeme ukikatika na kurudi? Arduino, ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine, ikianza upya, ule waya wa kuamrisha leza unabaki unaelea kwa muda. Leza haiwezi kuwaka yenyewe?

Kabwe: Umeona mbali mdogo wangu, na inaweza. Tutaweka rezista ya kiloomu 10 kutoka waya huo hadi hasi, ili ukikosa amri ubaki sifuri. Na swichi kuu itakuwa ya funguo.

Mama Kabwe: Funguo itakaa kwangu.

Kabwe: Kwako mama. Nitakuja kuiomba kila mara.

Baba Ngoy: Moshi na moto je? Chumba kile kiko karibu na vumbi langu la mbao.

Kabwe: Ndiyo maana naomba ukuta wa nje nitoboe tundu la bomba. Feni itavuta moshi juu kupita bati, sababu gundi ya tripleksi ikiungua moshi wake ni mbaya kwa kifua, na ukibaki ndani unachafua lenzi. Bomba dogo la hewa litapuliza pale pale mwali unapogusa, ili moto usishike; nitaomba fundi wa kwado (wa matairi) aniuzie kompresa yake ndogo ya zamani. Ubao utalala juu ya ncha za misumari, sinia ya tole chini. Maranda yako baba yafagiliwe kila siku kabla sijawasha, hilo nitafanya mimi. Na haitakata hata dakika moja bila mtu aliyekaa mbele yake, kizima moto mkononi. Nikiitwa na mgeni, nazima kwanza.

Baba Ngoy: Toboa ukuta. Tole la boksi ninalo, lile la mlango wa gereji ya zamani. Lina kutu upande mmoja, ulisugue.

Mama Kabwe: Mimi nakubali, kwa yale uliyoandika hapa. Likipungua moja, funguo haitoki.

Kabwe: Aksanti mama. Aksanti baba. Boksi kwanza, na leza naiagiza siku boksi litakapofungika bila mwanga kupenya: tutaweka tochi ndani usiku na kuzunguka tukitafuta nyufa.

Mwadi: Nakutumia michoro ya duara leo. Sehemu za kumi na mbili usizikate ndogo sana, watoto wa darasa la pili wanazitia mdomoni.

Kabwe: Duara la sentimita 20 litatosha? Kila kipande kitakuwa kirefu kuliko kidole changu.

Mwadi: Litatosha. Kingo zisuguliwe masizi.

Patou: Kesho naenda kwa fundi wa mikrowevu. Swichi moja?

Kabwe: Mbili. Moja kila upande wa kifuniko, zifuatane kwenye waya mmoja. Chukua na viunganishi vyake, usikubali akate nyaya fupi.